Klabu Iliyoondoka na Uwanja Uliobaki: Kisa cha Seattle SuperSonics

Kila msimu wa bajeti, wakazi wanapoitwa kutoa maoni, suala la uwanja wa michezo halikosi kutajwa. Ni haki yao kulitaja. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, Sehemu ya Pili, limeweka shughuli za michezo na vifaa vyake chini ya serikali za kaunti. Uwanja unaojengwa kwa fedha za umma ni mali ya wakazi. Klabu inayocheza ndani yake, mara nyingi, ni mali ya mtu mwingine. Tofauti hiyo huonekana ndogo wakati wa kukata utepe, kisha inakuja kuwa kubwa siku mwenye klabu anapoamua kufunga mizigo.

Mojawapo ya visa vinavyoeleza jambo hili vizuri kilitokea mbali na hapa, Seattle, jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani. (Jimbo hili lisichanganywe na jiji kuu la Washington, ambalo liko upande wa pili wa nchi.) Seattle ni makao makuu ya Kaunti ya King, na kwa miaka 41 ilikuwa na klabu ya mpira wa vikapu ya kulipwa iliyoitwa SuperSonics. Leo klabu hiyo haipo.

SuperSonics ilianza kucheza katika ligi ya NBA mwaka wa 1967. Jina lake lilitokana na kampuni ya ndege ya Boeing, iliyokuwa mwajiri mkubwa wa eneo hilo na iliyokuwa imepewa kazi ya kubuni ndege ya abiria ya kwenda kasi kuliko sauti. Bunge la Marekani lilikata fedha za mradi huo mwaka wa 1971 na ndege haikuruka kamwe. Klabu ilibaki na jina la ndege ambayo haikuundwa, na watu wa Seattle wakalifupisha kuwa Sonics.

Mwenye klabu wa miaka hiyo, Sam Schulman, alikuwa mtu wa kuthubutu. Alimsajili Spencer Haywood, kijana ambaye kwa sheria za ligi hakuruhusiwa kucheza, kwa kuwa miaka minne ilikuwa haijapita tangu darasa lake limalize shule ya upili. Ligi ilikataa, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka wa 1971 Haywood akashinda. Wachezaji wengi walioingia NBA wakiwa vijana wadogo tangu hapo walipitia mlango uliofunguliwa na kesi hiyo. Schulman alimleta pia Bill Russell, aliyeshinda ubingwa mara 11 akiwa mchezaji wa Boston, kuwa kocha kuanzia 1973.

Enzi ya fahari ilikuja chini ya kocha Lenny Wilkens. Mwaka wa 1978 Sonics walifika fainali na kushindwa na Washington Bullets katika mchezo wa saba. Mwaka uliofuata timu hizo mbili zilikutana tena, na Sonics wakashinda michezo minne kwa mmoja. Jack Sikma, Gus Williams, Fred Brown na Dennis Johnson, aliyetajwa mchezaji bora wa fainali, ni majina ambayo wazee wa Seattle huyataja bila kupekua kitabu. Hilo ndilo kombe pekee la NBA ambalo klabu hiyo ilipata ikiwa Seattle.

Uwanja wa kaunti na deni lake

Michezo ya nyumbani ya miaka hiyo ilichezewa Kingdome, jumba kubwa la saruji lenye paa la kuba, ambalo lilikuwa mali ya Kaunti ya King. Wapiga kura walikuwa wameidhinisha mwaka wa 1968 mkopo wa dola milioni 40 kwa njia ya hati za dhamana ili lijengwe, na lilifunguliwa 1976. Lilikuwa la kandanda ya Kimarekani na besiboli zaidi kuliko mpira wa vikapu, lakini nafasi ilikuwa tele: mchezo mmoja wa fainali za 1978 ulihudhuriwa na watu zaidi ya 39,000.

Mwaka wa 1994 vigae vya dari vilianguka kwenye viti, saa chache kabla ya mchezo wa besiboli. Bahati njema mashabiki walikuwa bado hawajaketi. Ukarabati uligharimu dola milioni 51, na wafanyakazi wawili walipoteza maisha wakiwa kazini wakati wa ukarabati huo. Licha ya gharama hizo, timu za besiboli na kandanda zilitaka viwanja vipya vya kwao. Kingdome ikabomolewa kwa baruti tarehe 26 Machi 2000. Deni lake halikubomoka. Walipa ushuru wa Kaunti ya King waliendelea kulipia jengo ambalo halikuwepo hadi mwaka wa 2015.

Kwetu Kenya, Kifungu cha 212 cha Katiba kinaruhusu kaunti kukopa ikiwa tu serikali ya kitaifa itadhamini mkopo huo na Bunge la Kaunti litauidhinisha. Masharti hayo huonekana kuwa kizuizi kwa mkazi anayetaka uwanja mwaka huu. Anayelipia uwanja uliogeuka vumbi miaka 15 iliyopita angeyaona kwa jicho jingine.

Sonics hawakukaa Kingdome hadi mwisho wake. Mwaka wa 1985 walirudi katika uwanja wao wa zamani, Coliseum, ambao ni mali ya Jiji la Seattle. Ulikuwa umejengwa kwa maonyesho ya dunia ya 1962 na ulianza kuzeeka. Mnamo Januari 1986 mchezo kati yao na Phoenix ulisimamishwa katika robo ya pili kwa sababu paa lilikuwa likivuja na maji ya mvua yalidondoka sakafuni. Ulimaliziwa kesho yake. Mpira wa vikapu wa ndani ya jengo kuahirishwa kwa mvua, kama kandanda ya shule! Hata hivyo tatizo lilikuwa la kweli, na mwenye klabu mpya, Barry Ackerley, alitaka jengo la kisasa.

Jiji lilikubali kuujenga upya uwanja huo. Msimu wa 1994–95 klabu ilihamia kwa muda mji jirani wa Tacoma, na mwaka wa 1995 jengo lilifunguliwa tena kwa jina la KeyArena, jina lililouzwa kwa benki. Mpango wa fedha ulikuwa hivi: jiji lilikopa karibu dola milioni 75, na mkopo ulipwe kutokana na mapato ya uwanja wenyewe, hasa vyumba maalum vinavyokodishwa na makampuni, viti vya bei ya juu, na mauzo ya vyakula na vinywaji. Klabu ilitia saini mkataba wa kukodisha wa miaka 15, uliomalizika Septemba 2010.

Kwa muda mfupi kila mtu alifurahi. Gary Payton na Shawn Kemp walikuwa katika ubora wao, na kocha George Karl aliwaongoza kushinda michezo 64 kati ya 82 msimu wa 1995–96. Walifika fainali wakakutana na Chicago ya Michael Jordan, wakatolewa kwa michezo minne dhidi ya miwili. Mwaka uliofuata Kemp, aliyekuwa akilalamikia malipo yake baada ya mchezaji mgeni kupewa mkataba mnono kumshinda, alibadilishwa na kupelekwa Cleveland.

Mpango wa fedha nao ulianza kuyumba, na sababu yake haikuwa ndani ya KeyArena. Mji huohuo ulifungua uwanja mpya wa besiboli mwaka wa 1999 na mwingine wa kandanda mwaka wa 2002, yote miwili kwa sehemu kubwa ya fedha za umma. Makampuni yaliyokuwa yakikodisha vyumba maalum sasa yalikuwa na viwanja vitatu vya kuchagua. Aidha, ligi ilikuwa imepata majumba makubwa zaidi katika miji mingine. Katika muda wa miaka kumi KeyArena iligeuka kutoka jengo jipya hadi kuwa dogo kuliko mengine yote ya NBA.

Mauzo ya 2006

Mwaka wa 2001 Ackerley aliiuza klabu, kwa bei ya karibu dola milioni 200, kwa kundi lililoongozwa na Howard Schultz, mkuu wa Starbucks. Hiyo ni kampuni ya Seattle ya kuuza kahawa, ikiwemo ya Kenya. Mwenye klabu alikuwa mtu wa mji, na wengi walidhani hilo linatosha kuwa dhamana. Schultz aliomba takriban dola milioni 220 za umma ili KeyArena ipanuliwe tena, miaka 11 tu baada ya kujengwa upya. Bunge la jimbo lilikataa. Julai 2006 kundi lake likauza klabu kwa dola milioni 350 kwa wafanyabiashara wa Oklahoma City, wakiongozwa na Clay Bennett.

Oklahoma City wakati huo ilikuwa imejithibitisha. Ilikuwa na ukumbi wa jiji uliofunguliwa 2002, uliojengwa kwa ushuru wa mauzo wa muda ambao wapiga kura waliuidhinisha 1993, bila kukopa. Kimbunga Katrina kilipoiharibu New Orleans mwaka wa 2005, timu ya huko ilihamia Oklahoma City kwa misimu miwili na mashabiki wakajaa. Kilichokosekana pale kilikuwa klabu ya kudumu.

Mkataba wa mauzo ulimtaka Bennett afanye juhudi za dhati kwa miezi 12 kupata uwanja mpya katika eneo la Seattle. Alipendekeza jumba la dola milioni 500 katika mji wa Renton, sehemu kubwa ikiwa ya umma. Bunge la jimbo lilikataa tena. Agosti 2007 mmoja wa washirika wake aliliambia gazeti la Oklahoma kwamba hawakuinunua klabu ili ibaki Seattle. Ligi ilimtoza faini ya dola 250,000.

Hapa ni vyema kusimama kidogo upande wa wakazi, maana mara nyingi kisa hiki husimuliwa kana kwamba walikuwa watazamaji tu. Mwaka wa 1995 wapiga kura wa Kaunti ya King walikuwa wamekataa kwa tofauti ndogo ushuru wa kujenga uwanja wa besiboli. Wiki chache baadaye bunge la jimbo likapitisha mpango mwingine, na uwanja ukajengwa. Watu hawakusahau. Novemba 2006, miezi minne baada ya klabu kuuzwa, wakazi wa Seattle waliokusanya saini walifikisha kwenye sanduku la kura pendekezo lililoitwa I-91. Lilisema jiji lisitumie fedha za umma kwa klabu ya michezo ya kulipwa isipokuwa kama litarudishiwa faida isiyopungua ile ambayo lingepata kwa kununua hati za dhamana za serikali kuu. Yaani, kama klabu inadai kuwa uwanja ni uwekezaji, basi ihesabiwe kama uwekezaji. Karibu asilimia 74 ya waliopiga kura walisema ndiyo.

Wapo wanaosema kura hiyo ndiyo iliyoifukuza Sonics. Hoja hiyo ina uzito kiasi, kwa kuwa ilipunguza njia za maafisa wa jiji katika mazungumzo. Lakini klabu ilikuwa tayari imeuzwa kwa watu wa Oklahoma City kabla ya kura kupigwa, na watu hao walikuwa na uwanja ukiwangoja nyumbani.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inatoa njia inayofanana kwa kiasi na hiyo. Kifungu cha 88 kinampa mkazi haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa serikali ya kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini ya majukumu yake. Kifungu cha 90 kinaruhusu kura ya maamuzi ya mashinani kuhusu maamuzi ya mipango na uwekezaji, ikiwa ombi limetiwa saini na angalau asilimia 25 ya wapiga kura waliosajiliwa pale ambapo kura hiyo itafanyika. Ni kiwango cha juu. Mikutano ya maoni ya umma kuhusu bajeti haidai kiwango hicho. Inadai mtu afike.

Mahakamani

Kilichobaki mkononi mwa Jiji la Seattle kilikuwa mkataba wa kukodisha. Ulitaja kwamba klabu itacheza michezo yake ya nyumbani KeyArena hadi Septemba 2010, na kwamba jiji laweza kudai mkataba utekelezwe kama ulivyoandikwa. Bennett alitaka kulipa kodi iliyosalia na kuondoka mapema. Jiji lilijibu kwamba halitaki pesa, linataka timu icheze. Likaenda mahakamani.

Aprili 2008 wenye klabu wa NBA walipiga kura 28 kwa 2 kuidhinisha uhamisho. Waliopinga walikuwa wa Dallas na Portland pekee. Siku chache kabla, tarehe 13 Aprili, Sonics walikuwa wamecheza mara ya mwisho KeyArena na kuishinda Dallas 99 kwa 95. Kikosini alikuwemo Kevin Durant, aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza na aliyetajwa mchezaji chipukizi bora wa mwaka.

Kesi ilisikilizwa kwa siku sita mwezi wa Juni mbele ya Jaji Marsha Pechman. Jambo moja katika hati za kesi linafaa kukumbukwa na kila anayesoma pendekezo la uwanja. Wakati wa kuomba fedha za umma, wenye klabu kwa kawaida hueleza manufaa ya kiuchumi: hoteli, teksi, mikahawa, ajira. Hapa mawakili wa Sonics waliandika kinyume. Walisema mji hautapata hasara yoyote ya kiuchumi klabu ikiondoka, kwa kuwa fedha ambazo watu wangetumia kwa tikiti watazitumia kwa burudani nyingine palepale Seattle. Wachumi wengi wanaochunguza viwanja vya michezo wamekuwa wakisema hivyo kwa miaka mingi. Jiji, kwa upande wake, lililazimika kujenga hoja kwamba thamani ya klabu haipimwi kwa dola pekee, na mwandishi Sherman Alexie alitoa ushahidi kuhusu maana ya timu hiyo katika maisha ya shabiki.

Uamuzi ulikuwa utolewe tarehe 2 Julai 2008. Siku hiyohiyo, kabla jaji hajausoma, pande mbili zilitangaza maafikiano. Klabu ililipa jiji dola milioni 45 na kuruhusiwa kuondoka mara moja. Dola milioni 30 nyingine zingelipwa mwaka wa 2013 kwa masharti mawili: bunge la jimbo liidhinishe fedha za kukarabati KeyArena kabla ya mwisho wa 2009, na mji uwe haujapata klabu nyingine ndani ya miaka mitano. Bunge halikuidhinisha. Hizo milioni 30 hazikulipwa.

Jina SuperSonics, nembo, na rangi za kijani na dhahabu vilibaki Seattle kwa ajili ya klabu itakayokuja. Wachezaji na nafasi katika ligi vilikwenda Oklahoma City, ambako timu ilipewa jina jipya, Thunder. Mashabiki wa Afrika Mashariki waliijua baadaye kupitia Hasheem Thabeet, Mtanzania kutoka Dar es Salaam aliyeichezea kuanzia 2012 hadi 2014. Mwaka wa 2025 Thunder ilitwaa ubingwa wa NBA.

Oklahoma City nayo inalipa. Machi 2008, hata kabla ya ligi kuidhinisha uhamisho, wapiga kura wake walikubali kuendeleza ushuru wa mauzo wa asilimia moja ili kuboresha ukumbi. Desemba 2023 walikubali ushuru mwingine kama huo kwa miaka sita ili kujenga ukumbi mpya wa gharama isiyopungua dola milioni 900, ambapo wenye klabu watatoa milioni 50. Zaidi ya asilimia 70 waliunga mkono. Walijua kilichotokea Seattle kuliko mtu yeyote, kwa kuwa wao ndio walioipokea klabu.

Seattle ilijaribu kurudisha timu. Mwaka wa 2013 mwekezaji mmoja alikaribia kuinunua klabu ya Sacramento ili aihamishie huko, lakini wenye klabu wa ligi walikataa kwa kura 22 dhidi ya 8. Mwaka wa 2016 Baraza la Jiji lilikataa kwa kura 5 kwa 4 kuachilia kipande cha barabara kilichohitajika kwa ukumbi mpya. Kisha KeyArena yenyewe ikajengwa upya, safari hii kwa fedha za wawekezaji binafsi, kwa zaidi ya dola bilioni moja. Paa la 1962, lililohifadhiwa kama urithi wa mji, lilishikiliwa juu kwa nguzo wakati kila kitu chini yake kikichimbwa. Jengo lilifunguliwa Oktoba 2021 kwa jina la Climate Pledge Arena, na ni la timu ya hoki ya barafu zaidi kuliko mchezo mwingine.

Mpira wa vikapu wa kulipwa haukutoweka kabisa humo. Bennett alipoinunua Sonics alipata pia klabu ya wanawake ya Storm, iliyokuwa mabingwa wa 2004. Mapema mwaka wa 2008, kesi ikiwa bado haijasikilizwa, wanawake wanne wafanyabiashara na wataalamu wa Seattle waliungana wakainunua Storm kwa dola milioni 10 ili isihamishwe. Imeshinda ubingwa mara tatu tangu wakati huo, 2010, 2018 na 2020, na bado inacheza chini ya paa lilelile.